Ramadhani Tuliyolea Vunjajungu Sebuleni

Ijumaa ya tarehe 28 Februari mwaka jana nilirudi nyumbani kutoka zamu ya usiku saa mbili kasorobo asubuhi. Miguu ilikuwa imevimba na nilikuwa na mawazo mawili tu, kuoga na kulala. Jioni ile tulikuwa tuvunje jungu, maana Jumamosi tunaanza kufunga, na nilikuwa nimeahidi wali wa nazi, samaki wa kupaka na kaimati. Nilipofungua mlango nilimkuta binti yangu wa miaka minane amesimama katikati ya sebule, begi la shule mgongoni, hataki kuondoka. Aliniambia nitazame pazia. Aliniambia kwa Kiingereza, kama kawaida yake.

Pazia lilikuwa linatembea.

Kwanza nilidhani ni mbu, kisha nikadhani ni sisimizi. Nikavaa miwani, nikasogea. Walikuwa wadudu wembamba, rangi ya majani makavu, urefu wa sentimita moja hivi, na kila mmoja amekunja mikono yake ya mbele kifuani. "Vunjajungu!" nikasema kwa sauti. Neno hilo nilikuwa sijalitamka kwa zaidi ya miaka ishirini.

Ndugu zangu wa ughaibuni, makala haya ni ya jinsi tulivyowalea wadudu hao katika nyumba ya kupanga hapa Pennsylvania, katika mwezi wa mfungo, huku baridi ikiwa bado nje. Nitaeleza yale yaliyotufaa, ili ukimwona mtoto wako ameleta kijiti cha ajabu nyumbani ujue la kufanya. Nitaeleza pia kosa nililolifanya mimi, ambaye kazi yangu ni kuangalia wagonjwa.

Kijiti cha Januari

Chanzo chake kilikuwa matembezi ya mwezi wa Januari. Nyuma ya nyumba tunazoishi kuna uwanja mkubwa ambao haukatwi majani, na katikati yake kuna kijito. Binti yangu aliokota bua kavu lenye kitu cha duara kilichoganda juu yake, kama povu la rangi lililokauka, ukubwa wa jozi ya njugu ile kubwa ya Kizungu. Alilipenda, akalitia katika kikombe juu ya meza yake ya kusomea kama ua. Mimi nililiona kila siku nikipanga nguo zake na sikulijali.

Kile kilikuwa kifuko cha mayai. Vunjajungu jike hutaga mayai yake majira ya kupukutika kwa majani, akiyafunika kwa povu ambalo hukauka na kuwa gumu. Povu hilo huyakinga mayai na baridi na theluji mpaka joto la Mei. Sasa sisi tulikitoa kwenye baridi, tukakiweka ndani ya nyumba yenye hita. Mayai hayajui kalenda, yanajua joto tu. Baada ya wiki sita yakaona Mei imefika.

Kama hutaki yakukute yaliyotukuta, kiache kifuko kulekule kilipo. Kama kimeshaingia nyumbani na bado ni majira ya baridi, kirudishe nje kwenye kibaraza au bustanini, ukikifunga juu ya tawi ili panya wasikifikie. Kikianguliwa mapema ndani ya nyumba huwezi kuwatoa watoto nje, watakufa kwa baridi siku hiyohiyo.

Kifuko kimoja cha aina hii kinaweza kutoa watoto mia moja, hata mia mbili, na kwa kawaida hutoka asubuhi, karibu wote kwa pamoja. Siku ile tuliwakusanya kwa brashi laini ya kupakia rangi, mimi, binti yangu na mdogo wake wa miaka minne, tukawahesabu mpaka 112. Shule walichelewa. Wengine hatukuwapata, na mume wangu alimpata mmoja siku tatu baadaye juu ya sahani ya sambusa wakati wa kufuturu. Sitaeleza alichosema.

Bibi na jina lake

Kabla sijalala nilimpigia mama yangu kule Tanga kwa video. Kwao ilikuwa jioni. Binti yangu akasukumwa mbele ya simu.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mke mwenzangu. Mume wetu hapa anakusalimu. Nini hicho unanionyesha?"

Hapo ndipo palipokuwa na tatizo letu la siku nyingi. Binti yangu anakielewa Kiswahili chote tunachosema nyumbani, lakini hujibu kwa Kiingereza. Mama yangu hajui Kiingereza. Kwa hiyo simu zao zilikuwa za shikamoo, marahaba, hujambo, sijambo, basi. Kila tukikata simu mama huniambia, "Mtoto mnyamavu huyu." Naye si mnyamavu hata kidogo.

Siku ile alinyamaza kidogo, akaisogeza kamera karibu na kopo. Mama akacheka. "Vunjajungu! Mmewagusa? Basi, mwanangu, vyombo vyako viweke juu."

Ikabidi nimweleze binti yangu. Kwetu pwani mdudu huyu anaitwa vunjajungu kwa sababu watu wa zamani waliamini kwamba ukimgusa, chombo cha kwanza utakachokishika baadaye kitavunjika. Nilipokuwa na miaka saba nilivunja chungu cha mama cha kupikia mchuzi, nikamsingizia vunjajungu. Mama hakunielewa, na siku ile nilichapwa. Jina hilohilo ndilo la karamu ya mwisho kabla ya Ramadhani, siku watu wanapokula na kufurahi kwa kuuaga mchana wa kula. Na wadudu wetu walikuwa wamechagua siku hiyo hiyo kutoka.

Jioni nikiwa jikoni, bakuli la kioo lenye shira ya kaimati liliniponyoka, likapasuka vipande. Nilikuwa macho kwa saa ishirini na kitu, sababu ilikuwa hiyo. Lakini binti yangu alitoka mbio chumbani, akatazama sakafu, akasema, "Bibi kasema!" Alisema kwa Kiswahili, na hakujua kama amesema.

Siku za kwanza: maji, hewa na nzi wadogo

Vunjajungu mchanga hahitaji mengi, ila anachohitaji anakihitaji kila siku. Hivi ndivyo tulivyofanya.

Chombo. Tulitumia kopo kubwa za plastiki na boksi moja la kuhifadhia vitu, lenye pande unazoona ndani. Mfuniko tuliukata katikati, tukafunika kwa kitambaa cha shashi, kile tunachofungia vidonda, na kukibana kwa mpira. Hewa inapita, wadudu hawatoki, na wanapata mahali pa kuning'inia. Kuning'inia si mchezo kwao, nitaeleza baadaye. Ndani tuliweka vijiti vyembamba, na chini karatasi laini ambayo inabadilishwa ikichafuka.

Maji. Hawanywi kwenye kisahani, wanaweza kuzama. Wanakunywa matone yaliyoganda kwenye ukuta wa chombo na kwenye vijiti. Kichupa cha kupulizia maji kinatosha, mpulizo mmoja au miwili kwa siku, kiasi cha umande. Ukizidisha, kuvu wataota.

Joto. Nyuzi 22 hadi 26 za sentigredi zinawafaa, yaani sebule ya kawaida. Chombo kisiwekwe juani dirishani, kwani kitakuwa tanuri.

Chakula. Hapa ndipo kazi ilipo. Vunjajungu hali majani, anakula wadudu walio hai, na mtoto wa sentimita moja anahitaji mdudu mdogo kuliko yeye. Anayefaa ni nzi wa matunda, wale wanaojaa kwenye ndizi zilizoiva kupita kiasi. Februari hapa hakuna nzi. Mume wangu alinipeleka kwenye duka la wanyama wa kufugwa, wanakouza vinyonga na mijusi, nikauziwa kopo la nzi wa matunda wasioweza kuruka, ambao wamezalishwa makusudi hivyo. Chini ya kopo kuna uji wa chakula chao na ndani yake mayai na mabuu, wanaendelea kuzaliana. Ukilitia kopo kwenye friji kwa dakika chache, nzi wanazubaa, unawamimina kwa urahisi.

Ishirini na tano tuliwapeleka kwa mwalimu wa sayansi wa binti yangu, ambaye alifurahi kuliko watoto. Nyumbani walibaki 87. Wiki ya kwanza walikufa ishirini na mmoja bila ya sababu niliyoweza kuiona. Binti yangu alilia. Nilimwambia ukweli, kwamba mdudu hutaga mayai mengi kwa sababu wachache tu ndio watakaokua, na hata huko uwanjani ingekuwa hivyo. Alikubali, kwa shingo upande.

Kosa langu

Ilipofika katikati ya Machi walikuwa wamejivua ngozi mara ya kwanza na wanakula sana. Wote 66 walikuwa ndani ya lile boksi moja kubwa. Nilijua kwamba wakibanana na kukosa chakula hulana wenyewe kwa wenyewe. Nilikuwa nimesoma. Nilipanga kuwatenganisha Jumamosi, na kununua kopo la pili la nzi.

Ijumaa kazini walikosekana wauguzi wawili, nikaombwa kuongeza zamu. Nikakubali. Usiku wa Ijumaa saa kumi na mbili, usiku wa Jumamosi saa kumi na mbili, nafuturu kwa tende na chai kwenye chumba cha mapumziko, mchana nalala kama gogo. Jumamosi alasiri binti yangu alikuja kitandani, akanigusa bega, akaniambia nzi wamekwisha. Nikamwambia, "Subiri niamke." Nilipoamka jua limezama, nikafuturu, nikakimbilia kazini. Mume wangu alinipigia simu kuuliza kama aende dukani. Nikamwambia asihangaike, hatajua nzi gani wa kuchukua, nitapita mwenyewe. Jumapili binti yangu alikuja tena. Nikasema hivyo hivyo, subiri niamke. Nilipoamka duka limefungwa.

Usiku wa kuamkia Jumatatu sikuwa kazini. Tuliamka kula daku, na binti yangu aliamka nasi, maana watoto wanaipenda daku kuliko futari. Niliwasha taa ya sebuleni, nikainama kwenye boksi. Chini ya karatasi kulikuwa na miguu na vipande vya miili. Juu, kwenye shashi, walining'inia wachache, wakubwa, matumbo yamejaa. Tukawahesabu. Walikuwa 23.

"Nilikwambia, Mama," akasema. Hakulia safari hii. Afadhali angelia.

Nimefanya kazi ya uuguzi miaka kumi na miwili, tangu nilipomaliza diploma nyumbani, na shahada niliichukua hapa. Msaidizi wa wodi akinijia na kusema mgonjwa wa kitanda cha nne hajala tangu jana, siwezi kumjibu subiri niamke. Naandika, naenda kuangalia, nampa taarifa anayenipokea zamu. Nyumbani kwangu mtu aliniletea taarifa sahihi mara mbili, nami niliipuuza mara mbili kwa sababu aliyeileta ana miaka minane na aliowaombea ni wadudu.

Nilimwomba radhi. Wengi wenu mnajua kwamba sisi tulivyolelewa, mzazi kumwomba mtoto radhi si jambo jepesi. Nilikaa sakafuni ili tuwe sawa kwa kimo, nikamwambia, "Uliniambia, sikukusikiliza. Nimekosa. Nisamehe." Alinitazama kwa muda, halafu akauliza hawa waliobaki watakula nini mpaka duka lifunguliwe.

Tulichanganya asali na maji, tukachovya ncha ya kijiti cha meno, tukamsogezea mmoja mmoja mdomoni. Wengine walilamba, wengine walikataa. Halafu tukatoa vikombe vya plastiki vilivyobaki na sherehe ya mdogo wake, tukamweka kila mmoja kikombe chake, shashi juu, mpira. Vikombe 23 katika safu mbili juu ya meza. Adhana ya simu ikalia, tukaacha maji, tukasali. Duka lilipofunguliwa saa nne nilikuwa mlangoni, nikanunua makopo mawili.

Hapo nikajifunza jambo la kitaalamu ambalo ningetaka ulijue kabla hujaanza. Kizazi kipya cha nzi wa matunda huchukua kama wiki mbili kukomaa. Ukingoja kopo la kwanza liishe ndipo uanzishe la pili, kutakuwa na siku za njaa katikati. Uwe na makopo mawili yenye umri tofauti, siku zote.

Chati ya wodi

Siku hiyohiyo tulitengeneza chati kama ya kazini kwangu. Namba ya kikombe kutoka 1 hadi 23, na safu za kuandika: Amekula, Maji, Amejivua, Maelezo. Binti yangu aliuliza kwa nini iwe ya Kiswahili. Nikamwambia kwa sababu Bibi atataka kusomewa.

Ikawa ndiyo kazi yake. Baada ya daku, kabla ya shule, anazunguka na kalamu. Wiki ya kwanza aliandika kwa tabu, akiniuliza kila neno. "Amekula nzi 3." "Hajala." "Amekunywa maji." Kisha simu kwa Bibi, na anasoma. Mama yangu, ambaye zamani alimwona mtoto huyu mnyamavu, alianza kuuliza maswali ya daktari mkuu. "Namba kumi na moja jana hakula, leo je?"

Siku moja binti yangu alisoma, "Namba tano amejifua." Bibi akacheka mpaka machozi. "Amejifua? Anajiandaa na mashindano ya mbio?" Alikuwa ametaka kuandika amejivua, yaani ametoka kwenye ngozi yake. Tangu siku hiyo hajakosea herufi hiyo, na amekuwa akiwarekebisha wengine, nikiwemo mimi nikiandika kwa haraka.

Kujivua

Ngozi ya vunjajungu haikui pamoja naye. Kila baada ya muda huitoka yote, akiwa mkubwa zaidi, na hufanya hivyo mara sita hadi tisa mpaka awe mtu mzima. Siku moja au mbili kabla ya kujivua huacha kula. Anaenda juu, anajishika kichwa chini, anatulia. Ukimwona hivyo mwache. Usitikise chombo, usimtilie nzi, kwani nzi anaweza kumsumbua, naye akiwa laini hawezi kujitetea. Ngozi inapasuka mgongoni, anateremka polepole kutoka ndani yake, anabaki ananing'inia mpaka mwili ukauke. Mpe chakula siku inayofuata.

Ndiyo maana ya ile shashi juu, na ndiyo maana chombo lazima kiwe na kina angalau mara tatu ya urefu wa mdudu mwenyewe. Akikosa nafasi, au akianguka katikati ya kujivua, anapinda, na aliyepinda mara nyingi haponi.

Namba 14 alianguka. Hatukujua sababu. Tulimkuta chini, miguu ya mbele imejikunja upande, hawezi kukamata nzi. Tulimlisha kwa kibano siku mbili. Siku ya tatu hakuamka. Binti yangu alisimama na kalamu mbele ya safu ya Maelezo, akaniuliza aandike amelala.

Kazini tumefundishwa kutowaambia ndugu wa marehemu maneno ya kuzunguka. Ukisema amelala, amepumzika, ametuacha, kuna atakayekuuliza ataamka lini. Nilimwambia aandike amekufa. Akaandika. Halafu akauliza kama wagonjwa wangu hufa. Nilikuwa sijawahi kumwambia. Nikamwambia ndiyo, wengine hufa, hata tukifanya kila kitu sawasawa. Akauliza kama wale wa Machi tulifanya kila kitu sawasawa. Nikamwambia hapana, wale hapana. Tofauti hiyo niliona anaihitaji, na nadhani nami niliihitaji.

Mdudu anayekutazama

Walipofikia sentimita tatu au nne tuliwapa nzi wakubwa na nyenje wadogo wa dukani. Hapo hata mume wangu alianza kukaa mezani baada ya tarawehe. Vunjajungu anageuza kichwa kukufuata, jambo ambalo wadudu wengi hawawezi. Ana macho mawili makubwa na mengine matatu madogo katikati ya paji. Lile doa jeusi linaloonekana kukufuata machoni mwake si mboni, ni namna mwanga unavyoingia kwenye jicho lake. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, waliwahi kuwabandika vunjajungu miwani midogo kwa nta ya nyuki na kuwaonyesha picha za sinema, wakathibitisha kwamba anapima umbali kwa kutumia macho mawili kwa pamoja, kama sisi. Matokeo yao yalitoka mwaka 2016. Mwanangu mdogo alitaka miwani hiyo inunuliwe.

Hana sumu na hang'ati mtu kwa kudhuru. Akiwa mkubwa anaweza kukubana kidole kwa miiba ya mikono, unaruka kwa kushtuka tu. Watoto wanawe mikono kabla na baada ya kuwashika, basi.

Kuwarudisha

Katikati ya Mei, hofu ya jalidi ilipokwisha, walikuwa hai kumi na watano. Hapo nililazimika kusoma tena kabla ya kufungua vikombe, na yale niliyosoma sikuyatarajia.

Vunjajungu hawa wenye kifuko cha duara si wenyeji wa Marekani. Ni wa asili ya China, na walionekana mara ya kwanza nchini humu mwaka 1896, karibu na Philadelphia, mwendo wa saa moja na nusu kutoka kwetu. Yaaminika waliingia na miche ya bustani. Mwenyeji wa hapa ni mwingine, mdogo zaidi, na kifuko chake ni bapa na kirefu, kimelala kando ya tawi. Watu hununua vifuko vya duara madukani wakidhani vitawaulia wadudu waharibifu wa mboga. Lakini vunjajungu hachagui. Anakula kiwavi, anakula na nyuki na kipepeo. Wakubwa wao wamewahi kuonekana wakikamata hata vile vindege vidogo vya hapa vinavyonyonya maua, mfano wa chozi wa kwetu.

Nilimweleza binti yangu. Akasema, "Kumbe na wao walihamia," kisha akauliza kama tunawaacha au hatuwaachi. Tuliamua hivi: kifuko kilitoka katika uwanja ule, ambako wenzao wamejaa tayari, kwa hiyo tutawarudisha palepale na si mahali pengine. Kama tungekuwa tumekinunua, tungewafuga ndani mpaka mwisho wao. Wasomaji wa Uingereza mkumbuke kwamba sheria ya huko ya mwaka 1981 inakataza kuachia mnyama ambaye si wa nchi hiyo, na mdudu yumo. Mlio Oman, Ghuba au nyumbani Afrika Mashariki mna vunjajungu wenu bustanini. Mtazameni hukohuko, hakuna haja ya duka.

Tuliwaachia kumi na wanne, kila mmoja kwenye bua lake, mbali na mwenziwe. Tulibaki na Namba 7, ambaye binti yangu alikuwa amethibitisha ni jike kwa kuhesabu pingili za chini ya tumbo: jike ana sita, dume ana nane. Mwishoni mwa Juni alijivua mara ya mwisho akatoka na mbawa. Alifikia sentimita tisa. Septemba alitaga kifuko kwenye kijiti chake, na hapo tena ikabidi niseme ukweli, kwamba hakuwa na dume, kwa hiyo kifuko hicho hakitatoa kitu. Oktoba alianza kuchoka, akashindwa kushika, akafa. Maisha yao ni msimu mmoja tu. Chati ilijazwa, na sikuulizwa neno la kuandika.

Ramadhani inakaribia tena

Sitaki kuwadanganya kwamba mdudu amemfanya mwanangu azungumze Kiswahili kama mtoto wa Ngamiani. Na mdogo wake wanagombana kwa Kiingereza, na shuleni ni Kiingereza. Lakini simu ya Bibi sasa huipiga yeye mwenyewe, na mimi sisukumi mtu mbele ya kamera. Bado zamu ni zilezile na bado nalala mchana. Nimebadilisha jambo moja: akinigusa bega kuniambia kitu kimekwisha, naamka, nakaa, nauliza ni nini, ndipo nirudi kulala kama kinaweza kungoja. Mara nyingi kinaweza kungoja.

Novemba tulirudi uwanjani, majani yamekauka, tukatafuta bua kwa bua. Tulipata vifuko vitatu vya duara. Binti yangu alivihesabu, akavigusa kwa kidole, akaviacha. Kisha akampigia Bibi tukiwa bado tumesimama kwenye baridi.

"Viko vitatu, Bibi. Hatujavileta ndani."

"Vizuri, mke mwenzangu. Na umevigusa?"

"Nimevigusa."

"Basi mwambie mama yako jungu la shira alishike vizuri mwaka huu."